Mgeni wa Hidaya

Daktari wa meno alimvuta Bi Mwanahawa pembeni, akamwacha mjukuu wake Hidaya kwenye benchi.

"Bibi, nani alimng'oa jino?"

"Mimi, mwanangu, kwa uzi," alijibu kwa fahari. "Alianguka likalegea. Nikaling'oa, tukalirusha juu ya bati ili aote jipya. Mtaa mzima huniletea watoto wao."

"Lakini hili halikuwa la utoto, ndilo la ukubwani. Ungemleta likiwa limelegea, tungelifunga likashika."

"Kwani halitaota jingine?"

"Pale palikuwa na mbegu mbili tu, na zote zimeshaota. Wataalamu wanatafuta dawa ya kuotesha ya tatu, ila bado hawajaipata."

Bi Mwanahawa akajifunika uso kwa ncha ya khanga kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Alirudi kwenye benchi bila kumtazama mtoto.

"Bibi, kitendawili!"

"Tega," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mgeni wangu yuko njiani, na kiti chake nimeshamwekea." Hidaya akachomoza ulimi penye pengo, akacheka.

Bibi alilijua jibu. "Kimenishinda, mjukuu wangu."

"Basi nipe mji!"

Bibi akakishika kiganja cha mtoto, akitafuta jina la mji.