Sabufa ya Baba

Binti seremala alichomoa waya ukutani, lakini baba yake hakuondoa viganja juu ya boksi la sabufa.

Binti alikuwa amelipima, akalikata na kuligundisha mwenyewe, mbao nene pande zote na tundu moja la kupumulia mbele, ili mzee aliyezibwa masikio na maradhi aonje tena besi kwa viganja. Na mzee alionja. Alitabasamu hadi mapengo yakaonekana.

"Usizime, mwanangu," alisema kwa sauti kubwa, kama kawaida yake. "Wimbo ndiyo kwanza umekolea."

Binti alimwonyesha waya aliokuwa ameushika. Mzee akatikisa kichwa.

"Mbona bado linanguruma? Hebu shika hapa." Akafumba macho, akaendelea kusikiliza kwa mikono.

Binti akashika. Boksi lilikuwa linatetemeka.

Ndani ya kopo, vanishi ilikuwa inacheza viduara vidogo vidogo. Skrubu zilizobaki zikaanza kutembea zenyewe mezani, zikadondoka moja moja. Kisha ufa ukapanda ukutani, kutoka sakafuni hadi darini, kama mtu anayechana kitambaa.

"Tetemeko! Baba, inuka, tutoke!" alipiga kelele, akasahau kwamba mzee hasikii.

Akamdaka mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu zake zote.

Baba akainuka, macho kayafumba vilevile, akacheka kwa furaha, akaanza kuyumbisha kiuno taratibu. Alidhani binti yake anamwalika kucheza.