Hodi ya Mama Kanga

Siku ile walikuwepo Mama Kanga na vifaranga wake wanne, Kenge dalali, na Bata aliyekuwa akifua uani kwake.

Mama Kanga alikuwa anahamia mjini. Kenge akampeleka kwanza Mtaa wa Marumaru, ambako kodi ni magunia sita ya mtama, yote kwa mkupuo. Mama Kanga hakuitazama nyumba. Alikwenda kwa jirani, akapiga hodi mara tatu. Pazia likacheza, lakini hakuna aliyeitikia.

Kenge akacheka. "Dada, unapanga nyumba au unapanga jirani?"

"Vyote viwili. Nikiumwa, marumaru hayatanishikia mtoto."

Wakashuka Mtaa wa Bondeni, ambako kodi ni gunia moja tu. Hodi ya kwanza haijaisha, Bata akaitikia, "Karibu, mwenzangu! Walete hao watoto kivulini, uji upo."

Kenge akamnong'oneza, "Mvua ikinyesha huku ni tope tupu. Utaaibika!"

"Tope nitalinawa," Mama Kanga akasema kwa sauti, hata Bata akasikia. "Kimya cha kule nitakinawa na nini?"

Masika yalipofika, maji yaliingia kweli. Vifaranga wote wanne walivuka mgongoni mwa Bata.