Kichwa cha Habari cha Mlango wa Sihaba

Kila asubuhi lazima mlango wa kila nyumba uonyeshe kichwa cha habari za jana yake, kisichozidi maneno matano. Mhariri wa mtaa wetu ni mimi.

Leo shemeji yangu Nasoro ameniletea ripoti ambayo kuta za nyumba yake huiandika zenyewe. Juu yake amependekeza: "Wageni Wafurahia Pilau ya Sihaba." Sihaba ni dada yangu.

"Gonga muhuri, shemeji, nachelewa kazini."

Chuoni tulifundishwa kusoma hadi mstari wa mwisho kabla ya kuandika kichwa. Nikausoma: wageni walipoondoka, mume alimpinda mke mkono mpaka ukavunjika.

Nikampigia dada. "Mdogo wangu, iache pilau ibaki," akanong'ona. "Ukiandika hilo, jioni atanikuta mimi, si wewe."

"Basi nenda kwa mama sasa hivi."

Akakata simu. Nikaandika: "Nasoro Amvunja Mkewe Mkono." Nikagonga muhuri.

Majirani wamejaa mlangoni kwa Sihaba, wanasoma. Mama anasema Sihaba hajafika, na simu yake haipokelewi. Nasoro hajaenda kazini; amesimama mbele ya meza yangu, anataka nimwombe radhi kwa maandishi.

Siombi.