Mama wa Zamani

Wegesa alibandika sikio kwenye bati la karakana ya Shaaban, pale Nkende. Ndani nyundo ilikuwa inagonga. Mama yake, Waisiko, alionekana akiingia humo jana mchana. Kutoka, hakuna aliyemwona, na nyumbani hakulala.

"Huyu mama wa zamani ana dhahabu kuliko hawa wapya," Shaaban alikuwa anasema.

"Tumpasue sasa hivi?" aliuliza Imrani, mdogo wake.

"Mpasue. Tukishamponda tunamloweka kwenye tindikali. Na mtu asijue! Mji huu mzima una wazimu wa dhahabu."

Wegesa aliruka nyuma kutoka kwenye bati. Kumbe! Shaaban alikuwa akiunda kompyuta kwa mikono yake na kuziuza, mpaka zilipoingia za bei ya kutupa kutoka mpakani Sirari, akakosa hata mtu wa kuuliza bei. Halafu ghafla tu, viatu vipya, pikipiki mpya. Watu walipomhoji alicheka: "Kitu kizima hakiuziki siku hizi. Nauza vya ndani."

Vya ndani! Wegesa akapiga yowe.

Yowe moja tu, Nkende nzima ikatoka na mapanga na marungu, jirani yao Mseti mbele. Nani aanze kuhoji, mtoto wa watu anamlilia mama yake? Mlango ulipigwa teke, ukalala chini. Imrani alipenya dirishani akatimua mbio. Shaaban aliinua mikono.

"Jamani, nisikilizeni kwanza..."

Rungu la kwanza lilimvunja meno. La pili likampata kisogoni. Wegesa mwenyewe aliokota nyundo, akaiponda ile mikono huku analia, "Yuko wapi? Mama yangu yuko wapi, we mnyama?"

Shaaban alijaribu kuonyesha beseni lililopinduka, lililomwaga vibao vya kijani sakafuni. Damu ilimjaa mdomoni, neno halikutoka. Mseti hakutazama beseni. Alishusha panga, mara mbili, na Shaaban akatulia.

"Hodi humo!"

Waisiko alikuwa anainama mlangoni, vumbi la barabara ya Mugumu hadi magotini, kompyuta kuukuu kichwani. Macho yake yalikuwa bado hayajazoea giza la ndani.

"Shaaban, nimelala njiani lakini nimeipata uliyonituma, ya zamani kabisa," alisema akicheka. "Na mama yake, ule ubao mkubwa wenye dhahabu, yumo ndani, mzima."