Honi ya Mlimani

Mgeni alibisha hodi jioni, mikono imejaa grisi.

"Mama, gari limezimika, nisaidie kusukuma. Betri imebaki pumzi tu. Fundi kaniambia hata honi nisiiguse."

"Umekosa wanaume ukaja kwa kikongwe?" alicheka Bi Zawena, ambaye hakuwa amebishiwa hodi tangu afiwe na mumewe. Akajifunga leso kiunoni, wakasukuma mpaka gari likakohoa, likawaka.

"Ukifika juu ya mlima piga honi, nijue umefika!" alisema kwa mazoea, kama alivyokuwa akimwambia marehemu.

"Nitapiga, mama!"

Alipoikumbuka betri, gari lilishaondoka. Akasimama mlangoni akiomba kijana asahau.

Honi ikalia mlimani, ndefu, ya kukwaruza. Kisha injini ikanyamaza.

Bi Zawena akaikaza leso, akaanza kupanda.