Yusra Yuko Kidato Gani

Tangu asubuhi, mkutanoni, wazazi walikuwa wanaisema shule mpya ya kijiji. Haina madawati, haina maabara, walimu wenyewe watatu, mpaka redioni inachekwa. Bora watoto warudi kusoma ng'ambo ya Mto Luiche.

"Haya, Mama Yusra," mwenyekiti alisema, akitazama nyuma kabisa.

Mama Yusra alisimama. "Shikamooni wazee wangu. Mimi naomba shule hii isifungwe. Kama ni kukaa chini, wakae. Hapa hawavuki mto."

Watu waliinamisha vichwa. Kijiji kizima kilijua kwamba Yusra alichukuliwa na Luiche masika ya mwaka juzi, akienda shule, begi lake mgongoni. Asiyejua alikuwa mkuu wa shule peke yake, aliyeripoti wiki iliyopita kutoka Moshi.

"Ahsante sana, Mama Yusra," alisema, uso umemchangamka kwa kupata mtetezi. "Yusra yuko kidato gani?"

Akafungua rejista, akaweka kidole chenye vumbi la chaki kwenye jina la kwanza, akaanza kushuka nacho taratibu.

Mama Yusra alikitazama kile kidole, jina baada ya jina, akajikuta anasubiri.