Mlango wa Choo

Chai ya waheshimiwa ilipokwisha, muuza samaki aliingia ukumbi wa halmashauri na mlango kichwani. Akaubwaga mezani, vikombe vikaruka.

“Mnatupandishia ushuru wa soko, halafu choo chetu mnakifuta kwenye bajeti?” alifoka. “Mwaka mzima tunasitiriana kwa kanga! Kwani nyinyi hamna mama?”

Mwenyekiti alicheka hadi kitambi kikatikisika. “Mama, hata ukituletea mlango wenu hapa, fungu hakuna. Vumilieni.”

Madiwani wakapiga meza kumuunga mkono.

Muuza samaki alifuta jasho kwa mkono uliokuwa bado umeshika bisibisi. Kitasa cha mlango kilikuwa kipya, kinang'aa.

“Wetu uling'oka zamani, mheshimiwa. Huu ni wa choo chako. Vumilia na wewe.”